Viwanja vya ndege, hoteli na matukio ya jiji kubwa: mwongozo kamili wa kulizunguka jiji kama mwenyeji

Wasafiri wengi huanza na tiketi ya ndege kwa sababu wameiona imeshuka bei, kisha wanatafuta hoteli, na mwisho kabisa ndipo wanauliza kuna nini jijini wiki hiyo. Mwenyeji anayempangia ndugu yake safari hufuata njia ya kinyume. Anaanza na tukio, anatafuta kitanda kinachoendana na tukio hilo, halafu anachagua uwanja wa ndege unaoendana na kitanda. Sababu ni nyepesi: tarehe na mahali pa tukio huwezi kuvigusa, hoteli zipo mamia, na majiji mengi makubwa yana viwanja vya ndege viwili au zaidi. Anza na kisichobadilika. Ukianza na tiketi ya ndege, mambo mengine yote yatalazimika kuifuata, na gharama yake utaiona usiku wa manane ukiwa kituoni bila treni.

Hatua ya kwanza: tukio lenyewe

Fungua tovuti ya ukumbi au uwanja wenyewe kabla ya kufungua ya muuzaji wa tiketi. Andika mambo manne: anuani kamili, saa ya kufungua milango, saa ya kumalizika, na masharti ya mabegi. Saa ya kumalizika ndiyo watu huisahau, ilhali ndiyo itakayoamua hoteli yako.

Anuani isome neno kwa neno, maana jina la tukio hudanganya. Timu mbili za mpira wa Kimarekani zenye jina la New York, Giants na Jets, huchezea MetLife Stadium iliyopo East Rutherford, jimbo la New Jersey. San Francisco 49ers huchezea Santa Clara, mwendo wa kilomita 60 hivi kusini mwa San Francisco. Stade de France, uwanja mkubwa wa michezo, upo Saint-Denis, nje ya mipaka ya jiji la Paris. Kumbi kubwa za maonyesho za Villepinte, ambazo wafanyabiashara huziita "Paris", zimekaa karibu na uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle, kwenye reli ileile ya RER B inayouunganisha uwanja huo na katikati ya Paris. Mtu wa maonyesho anayelala katikati ya Paris kila asubuhi anarudi kulekule alikotelemkia kwenye ndege.

Soma na saa kwa makini. Tiketi nyingi za kimataifa hutumia saa 24, na siku hubadilika saa sita usiku. Tukio au ndege ikiandikwa 00:30 ya tarehe 14, wewe unatakiwa uwe umeshafika usiku wa tarehe 13. Watu hukosa ndege kwa kosa hili moja, na shirika halirudishi fedha, kwa sababu tiketi haikukosewa.

Halafu angalia jiji lina mzigo gani mwingine wiki hiyo. Barcelona wakati wa Mobile World Congress (maonyesho ya simu), Munich wakati wa Oktoberfest (tamasha la bia), Frankfurt kwenye maonyesho ya vitabu ya Oktoba, Singapore wikiendi ya mbio za Formula 1: vyumba hupanda bei mara kadhaa, na vinavyobaki viko mbali. Namna ya kugundua ni hii. Tafuta chumba kwa tarehe zako, kisha sogeza wiki moja mbele na wiki moja nyuma kwa chumba kilekile. Bei ikiruka sana, kuna mkutano au mashindano. Fungua kalenda ya ukumbi mkuu wa mikutano wa jiji utaona ni nini. Kama tukio lako halifungamani na tarehe, kwa mfano makumbusho au mchezo wa kuigiza unaoonyeshwa miezi mitatu, hama wiki.

Tiketi inunue kupitia kiungo kilichopo kwenye tovuti ya ukumbi. Ukinunua kwa mtu, hakikisha mfumo wenyewe unaihamisha na kukupa mpya kwa jina lako, kwa sababu tiketi nyingi za simu siku hizi zina msimbo unaobadilika kila baada ya sekunde chache. Picha ya skrini uliyotumiwa na muuzaji haisomeki getini. Ifungue tiketi na uihifadhi kwenye simu ukiwa bado hotelini. Nje ya uwanja wenye watu 60,000, wote wakivuta intaneti kwa pamoja, mtandao huzama hata kama simu inaonyesha alama zote.

Kuhusu begi: viwanja vya ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, NFL, tangu 2013 hukubali begi la kuonyesha ndani lisilozidi sentimita 30 kwa 15 kwa 30 hivi, na kumbi nyingi za Uingereza huweka kikomo cha karatasi ya A4. Sanduku la safari halikubaliki karibu popote. Ndiyo maana mpango wa "nitashuka kwenye ndege niende moja kwa moja uwanjani" haufanyi kazi bila kulipitisha sanduku mahali kwanza.

Kutoka ni kugumu kuliko kuingia. Watu huingia kwa saa tatu, wanatoka kwa dakika 20. Wembley, uwanja mkubwa wa mpira wa London, kwa mfano, una vituo vitatu vya treni: Wembley Park, Wembley Central na Wembley Stadium, na umati mkubwa humiminikia kile cha kwanza. Mwenyeji huchagua kituo chake kabla ya kuingia. Ukiwa jiji lolote, fanya moja kati ya mawili: ondoka dakika kumi kabla ya mwisho, au bakia umekaa dakika 40 baada yake. Anayetoka katikati ya muda huo anasimama kwenye foleni ndefu kuliko wote. Njia nyingine ni kutembea dakika 20 kwenda kituo cha pili au cha tatu kwenye reli hiyohiyo, lakini ukipanda upande wa kuelekea uwanjani badala ya kutoka, utajikuta umerudi palepale.

Na hapo ndipo inapokuja treni ya mwisho. New York treni za chini ya ardhi hukimbia saa 24. London njia kadhaa hukesha usiku wa Ijumaa na Jumamosi tu. Tokyo treni husimama karibu na saa sita au saa saba usiku na kurejea kama saa kumi na moja alfajiri, na teksi ya kwenda mbali ina bei ya kuumiza. Ingiza safari kwenye programu ya ramani ukiweka tarehe yenyewe ya tukio na saa ya kuondoka iwe nusu saa baada ya tukio kuisha. Ukiacha tarehe ya leo utapewa ratiba ya leo. Siku mbili kabla, rudia tena, kwa sababu matengenezo ya reli hufanyika sana wikiendi, na wikiendi ndiyo siku ya matamasha.

Hatua ya pili: kitanda

Acha kutafuta "hoteli ya katikati ya mji". Jiji kubwa halina katikati moja, na neno hilo kwenye tangazo la hoteli halipimwi na mtu yeyote. Tafuta kituo cha treni kinachopitiwa na njia mbili au zaidi, mojawapo ikiwa ile inayotoka kwenye tukio lako bila kubadilisha treni. Kisha chora kwenye ramani mduara wa mita 800 kukizunguka kituo hicho. Hizo ni dakika 10 za mguu bila mzigo, au 15 ukiburuta sanduku. Hoteli iliyo ndani ya mduara huo, hata ikiwa vituo sita kutoka kwenye vivutio, itakupa jiji zima. Hoteli ya bei ileile iliyo kilomita moja na nusu kutoka kituo chochote itakula saa moja ya kila siku yako.

Pima safari ya usiku, yaani kutoka tukioni kwenda kitandani. Wengi hupima ile ya mchana na kuridhika. Tembeza picha za barabarani za ramani kuanzia mlango wa kituo mpaka mlango wa hoteli: unatafuta taa, maduka yaliyo wazi, ngazi, na barabara kuu isiyo na kivuko. Kama una sanduku zito, uliza pia kama kituo kina lifti. Vituo vingi vya zamani vya Paris na London havina lifti; ramani ya London huonyesha alama ya kiti cha magurudumu pale ambapo hutakutana na ngazi.

Bei ya kulinganisha ni ile ya mwisho, kodi zote zikiwamo. Amsterdam hutoza kodi ya watalii ya asilimia 12.5 ya bei ya chumba tangu 2024, na miji mingi ya Italia na Ufaransa hutoza kwa kila mtu kwa kila usiku, mara nyingi ikilipwa mapokezini. Familia ya watu wanne ikikaa siku tano, tofauti si ya kupuuza. Kama unawaza nyumba ya kupangisha, angalia sheria ya jiji kwanza. New York tangu Septemba 2023 inazuia upangishaji wa chini ya siku 30 isipokuwa mwenye nyumba amesajiliwa na yumo ndani wakati wa ugeni wako. Tangazo linalovunja sheria linaweza kufutwa wiki moja kabla hujaondoka, na hapo vyumba vya bei nzuri vimekwisha.

Muda wa kufuta nafasi bila kulipa huhesabiwa kwa saa za jiji la hoteli. Ukiwa mbali kwa saa nane, usingoje dakika ya mwisho ya kwako.

Siku mbili kabla ya kufika, waandikie hoteli barua pepe fupi yenye mambo matatu: saa utakayofika, namba ya ndege, na aina ya chumba unachoomba. Ombi la maana ni chumba kisichopakana na lifti, kisichotazama barabara, cha ghorofa ya juu kidogo. Ukifika baada ya saa sita usiku bila kutoa taarifa, mfumo unaweza kukuhesabu kama mgeni asiyetokea, na hoteli iliyojaa itakigawa chumba. Ukikuta kimegawiwa huku una uthibitisho uliolipiwa, usiondoke mapokezini. Omba wakutafutie hoteli ya hadhi ileile, wakulipie usafiri wa kwenda huko, na wakuandikie makubaliano hayo.

Vyumba vingi hukabidhiwa saa 9 alasiri na kurudishwa kati ya saa 5 asubuhi na saa 6 mchana. Ndege ikitua alfajiri, panga kuacha mzigo hotelini na kuzunguka. Hoteli nyingi hutunza mizigo bila malipo kabla ya kuingia na baada ya kutoka, ila uulize mapema kama mlango wa mapokezi unakaa wazi. Ujue pia kwamba mapokezi watazuia kiasi fulani kwenye kadi kama dhamana. Kwa kadi inayokata moja kwa moja kwenye akaunti yako, fedha hiyo inaweza kukawia siku kadhaa kurudi hata baada ya hoteli kuiachia. Usitoe kadi ambayo ndiyo inategemewa kwa chakula na nauli.

Ukiingia chumbani, sanduku lisiguse kitanda wala zulia. Liweke bafuni au juu ya kibao cha mizigo, kisha kagua kunguni. Vua shuka kwenye pembe mbili za upande wa kichwani, inua kifuniko cha godoro, na umulike kwa taa ya simu mshono unaozunguka ukingo. Unachotafuta ni vidoa vyeusi vidogo kama ncha ya kalamu, ambavyo ukivipangusa kwa kitambaa kibichi huacha rangi ya kutu. Maganda ya rangi ya kaki. Na mdudu mwenyewe, bapa, wa ukubwa wa mbegu ya tufaha. Endelea nyuma ya ubao wa kichwani na kwenye mishono ya kiti. Kazi hii ni ya dakika tano. Ukiona dalili, piga picha na uombe chumba kisichopakana na hicho, si cha pembeni, si cha juu yake wala cha chini yake, kwa kuwa kunguni hupita kwenye nyufa na mabomba. Mwisho, soma ramani ya dharura iliyo nyuma ya mlango na uhesabu milango kutoka kwako hadi kwenye ngazi. Moshi ukijaa huoni kitu; unapapasa ukuta na kuhesabu.

Hatua ya tatu: uwanja wa ndege

Sasa ndipo unanunua tiketi. Ukitafuta ndege kwa jina la jiji, mfumo hutumia msimbo wa jiji zima: LON, NYC, PAR, TYO. Chini ya kila mmoja vimejificha viwanja kadhaa. London pekee ina Heathrow (LHR), Gatwick (LGW), Stansted (STN), Luton (LTN), City (LCY) na Southend (SEN). Tokyo ina Haneda, chini ya kilomita 20 kutoka katikati, na Narita, kama kilomita 60. Istanbul ina viwili katika mabara mawili: IST upande wa Ulaya na SAW upande wa Asia. Kile kinachoitwa Paris Beauvais kiko takribani kilomita 80 kutoka Paris, na Frankfurt-Hahn kiko zaidi ya kilomita 100 kutoka Frankfurt.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, chukua nafasi za ndege unazozilinganisha na kwa kila moja uandike: bei ya tiketi, bei ya begi, nauli ya kutoka uwanjani hadi kwenye kile kituo chako, na dakika za safari hiyo kwa saa utakayotua. Ndege ya bei ya chini inayotua saa tano usiku kwenye uwanja wa mbali, basi la mwisho likiwa limeondoka, mara nyingi ndiyo ya ghali kuliko zote.

Hatari kubwa zaidi ni kuunganisha ndege mbili zenye tiketi tofauti kwenye viwanja viwili vya jiji moja. Utalazimika kuingia nchini, yaani viza inaweza kuhitajika, kuchukua mzigo, kuvuka jiji, na kuukabidhi upya. Ndege ya kwanza ikichelewa, huwezi kulidai shirika la pili kitu; tiketi imekufa. Kama ni lazima, acha saa sita au lala usiku mmoja.

Angalia na jengo la abiria. Heathrow ina majengo ya namba 2, 3, 4 na 5; la kwanza lilifungwa 2015, ingawa namba zilizobaki hazikubadilishwa. Charles de Gaulle, jengo la 2E, geti zenye herufi L na M hufikiwa kwa treni ndogo ya ndani. Madrid, jengo la T4S nalo hufikiwa kwa treni ya chini ya ardhi kutoka T4. Mtu anayehesabu muda mpaka kwenye ukaguzi wa usalama peke yake husikia jina lake kwenye kipaza sauti akiwa bado anasubiri treni. Saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya ndege kuondoka. Geti hufungwa dakika 15 hadi 20 kabla, na dirisha la mizigo dakika 45 hadi 60 kabla.

Kutoka uwanjani

Ukishapita uhamiaji na forodha, simama ndani ya ukumbi kwanza. Pakua ramani ya jiji ya kutumia bila intaneti kama hukuifanya nyumbani, na washa laini. Fedha taslimu chukua kidogo kwenye mashine ya benki, si kwenye dirisha la kubadilishia. Mashine au muuzaji akikuuliza kama ulipie kwa sarafu ya nchi yako, chagua sarafu ya hapo ulipo. Chaguo la kwanza linaonekana la kirafiki, lakini kiwango cha kubadilisha huwekwa na mwenye mashine, na kinamnufaisha yeye.

Wapiga debe wa teksi wapo karibu kila jiji. Kanuni ni moja: dereva anayekufuata ndani ya ukumbi, usimfuate nje. Teksi halali zinakaa kwenye foleni yao yenye alama, na baadhi ya majiji yameweka nauli moja isiyobadilika, kama uwanja wa JFK wa New York hadi Manhattan na Charles de Gaulle hadi ndani ya Paris. Isome nauli hiyo kwenye ubao kabla ya kukaa.

Kwa treni, ile inayobeba jina la uwanja mara nyingi ndiyo ghali zaidi. Kutoka Heathrow, Heathrow Express hufika kituo kikuu cha Paddington kwa dakika 15 hivi. Elizabeth line, treni ya kawaida ya jiji, hufika hapohapo kwa karibu nusu saa, kwa nauli ndogo, kisha inaendelea katikati ya jiji bila wewe kushuka. Piccadilly line, treni ya chini ya ardhi, huchukua karibu saa nzima kufika katikati na ni nafuu zaidi. Kama hoteli yako ipo kwenye Elizabeth line, kulipia Express ni kununua dakika ambazo utazipoteza ukibadilisha treni.

Katika majiji unapogusisha kadi ya benki getini, gusisha kitu kilekile safari nzima, kuingia na kutoka. Simu yenye kadi yako ndani na kadi yenyewe mkononi huhesabiwa kama abiria wawili. London ina kikomo cha makato ya siku. Ukichanganya hivyo viwili, kikomo hakifikiwi na unalipa zaidi. Ukisahau kugusisha wakati wa kutoka, unakatwa nauli ya juu kabisa. Na kila mtu awe na kadi yake, kadi moja haipitishi wawili.

Kurudi nyumbani

Kama tukio linaisha usiku na ndege inaondoka alfajiri, usiku huo wa mwisho hamia karibu na uwanja wa ndege. Lakini "karibu na uwanja" nalo ni neno la tangazo. Uliza basi la hoteli linaanza saa ngapi, linalipiwa au la, na linafika jengo lipi.

Betri ya akiba ya kuchajia simu haiwekwi kwenye mzigo wa chini ya ndege. Inakaa mkononi, na kikomo cha kawaida bila kuomba kibali ni Wh 100 (wati-saa, kipimo cha nishati). Kupata hesabu yako, zidisha mAh iliyoandikwa kwenye betri kwa volti 3.7 kisha gawanya kwa 1,000: betri ya mAh 20,000 ni Wh 74, inapita. Isiyo na maandishi yanayosomeka inaweza kunyang'anywa hata ikiwa ndogo.

Kabla ya kukabidhi sanduku, lipige picha nje na ndani, na utunze kile kibandiko chenye namba. Lisipotokea, au likitokea limevunjika, nenda dirisha la mizigo kabla ya kutoka ukumbini, wakuandikie ripoti na wakupe namba yake. Ripoti hiyo peke yake haitoshi. Kwa Mkataba wa Montreal wa 1999, unaotumika kwenye safari nyingi za kimataifa, madai ya mzigo ulioharibika yanapelekwa kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu uupokee, na ya mzigo uliocheleweshwa ndani ya siku 21 tangu ukabidhiwe. Mzigo ambao haujafika baada ya siku 21 unaweza kuudai kama uliopotea. Tunza risiti za nguo na vitu vya lazima ulivyonunua wakati unasubiri, na uziambatishe kwenye barua hiyohiyo ya madai.